Mleta mada, usithubutu kuacha Kiswahili nyumbani

Dada, achana na ushauri wa huyo mwenye deikea. Mtoto wa mwaka na miezi minne, anasema "mama" na "tata" tu, eti muongee Kiingereza kitupu nyumbani ili asichanganyikiwe! Na sisi tuliambiwa hivyohivyo. Yule mama aliyetushauri nikimuona sokoni nabadilisha njia, nisije nikamtukana mbele za watu.

Kiingereza changu na mke wangu ni cha kujazia fomu. Tulipoacha Kiswahili tukabaki na "kam", "sidauni", "noo", basi. Zamani nikimuogesha mwanangu ilikuwa stori mwanzo mwisho: maji ya moto haya, tumbo hili la nani, povu limeingia wapi? Sasa nikawa namsugua kimya kama naosha bodaboda. Bibi yake akaja kutoka Bukoba, tukamkataza Kihaya. Mtu mwenye hadithi na nyimbo za kila aina, akawa anakaa na mjukuu wanatazamana tu! Ukimya ukajazwa na katuni za kwenye simu. Neno lake la kwanza kueleweka? "Sabskraibu." Cheka tu, na sisi tulicheka, ila kuomba maji alikuwa hajui.

Daktari wa watoto alimpima masikio kwanza (na wewe anzia hapo), yakawa mazima. Akauliza, "Kwa siku mnaongea naye kiasi gani?" Tukaangaliana.

Kuna utafiti wa Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle, Marekani, ulitoka 2003. Watoto wa miezi 9 wa familia za Kiingereza walichezewa na kusomewa vitabu ana kwa ana na watu wanaoongea Kichina, wakaweza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Wenzao waliowekewa video hawakuambulia kitu. Mtoto akibwabwaja anakutazama usoni, anasubiri umjibu. Katuni inaendelea na mambo yake. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wa 2019, halipendekezi skrini kabisa kwa wa umri wa mwanao.

Na hilo la kuchanganyikiwa ni uongo. Wengi wetu tumekua na kilugha ndani na Kiswahili nje, nani alibaki bubu? Akisema neno moja la Kiswahili na moja la Kihaya, hesabu mawili.

Kanuni yangu ni hii tu: ongea na mtoto lugha ile unayogombania chenji na konda. Kiingereza atakikuta shule, tena kwa ada.

Uliuliza pia habari ya uji wa lishe na kigari cha kutembelea, hayo wadau wengine watakujibu. Mimi nataka kujua: huyo dada wa kazi anayeshinda naye mchana kutwa, naye mmeshamwambia aache Kiswahili?