Kabla hujachana pakti: kwa vijana wapya wa mifugo

Wadogo zangu mlioripoti vituoni msimu huu, na ninyi mnaosimama kwenye maduka ya dawa za mifugo, karibuni kazini. Nimezunguka nanyi mabandani kutoka Chanika hadi Kibaha na kila banda naona jambo lile lile. Mfugaji anasema "kuku wanazubaa", na hajamaliza kusema, mkono wa kijana umeshaingia kwenye begi kutafuta OTC, yaani antibayotiki ya oksitetrasaiklini, kabla hajajua kuku wanaumwa nini. Mna moyo wa kazi na nawapenda kwa hilo. Lakini hapo ndipo mnaponikera, maana kosa hili limeturudisha nyuma miaka mingi na bado tunarithishana.

1. Anza na bruda, sehemu ya kuleelea vifaranga kwa joto, begi baadaye. Vifaranga waliorundikana chini ya jiko la mkaa wakilia wana baridi. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza mbili tatu kila wiki. Waliokimbilia ukutani na kuhema, joto limewazidi. Jioni ya siku ya kwanza wapapase magole, vifuko vya chakula shingoni. Yakiwa matupu, hakuna dawa inayoshibisha. Halafu geuzeni hizo pakti za "vitamini ya vifaranga" msome nyuma. Baadhi zina antibayotiki: oksitetrasaiklini na neomaisini. Mfugaji anazitoa kwa wazima na wagonjwa, bachi baada ya bachi, kisha anashangaa dawa inagoma siku anayoihitaji kweli. Ulaya walipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 2006, na kuku wao wanaendelea kukua.

2. Kirusi hakiuawi na antibayotiki. Mlilijibu vizuri kwenye mtihani, ila bandani mnalisahau. Hapa nitakaa kidogo.

Yupo kijana niliyemlea kazini, leo ni afisa wa kutegemewa, aliyenisimulia haya mwenyewe na kuniomba niwaambie kila wapya wanapokuja. Mteja wake wa kwanza alikuwa mama aliyechukua mkopo wa kikundi akaingiza broila 500. Siku ya 14 kijana akachanja dhidi ya Gumboro, ugonjwa wa kirusi unaoangusha kinga ya kuku, kwa maji ya bomba yenye klorini, hakutia maziwa ya unga ya kuilinda chanjo, na drinka, vyombo vya kunyweshea, zilikuwa zimeoshwa kwa dawa ya kuulia vijidudu asubuhi ile ile. Chanjo ilikufa kabla ya kufika mdomoni mwa kuku. Wiki ya nne kuku wakaanza kuinama, manyoya yamesimama, kinyesi cheupe cha majimaji, wengine wanajidonoa sehemu ya haja. Vifo vikaanza. Akawapa OTC. Siku ya tatu vifo vimepanda, akahamia enrofloksasini, antibayotiki nyingine. Siku ya nne akaongeza kolistini, antibayotiki ya tatu, juu yake. Siku ya tano vifo vikashuka, baada ya hapo vikakata.

Mama alimshukuru huku akilia, akawatangazia majirani. Kumbe Gumboro ndivyo ilivyo: vifo hupanda siku tatu nne, kisha hushuka vyenyewe ndani ya wiki. Dawa yoyote utakayotoa siku ya nne itachukua sifa isiyo yake. Kijana hakupasua hata kuku mmoja. Angepasua, angeona damu imevilia kwenye misuli ya paja na kifua, na bursa, kiungo cha kinga karibu na sehemu ya haja, imevimba. Majirani wakawa wanakwenda dukani kuulizia "ile dawa ya daktari", na muuzaji anawapa mchanganyiko ule ule. Wale kuku nao waliuzwa kwa wakaanga chipsi kabla siku za zuio, zile za kusubiri dawa itoke mwilini, hazijaisha. Kijana alijua akanyamaza, kwa sababu marejesho ya mkopo yalikuwa yamefika.

Bachi iliyofuata ikapata Gumboro tena, maana kirusi kile hukaa bandani miezi na miezi. Kinga ya kuku ikaanguka, kolibasilosi, ugonjwa wa bakteria wa E. koli, ikaingilia hapo. Utando mweupe ulifunika moyo na ini. Mara hii kweli walikuwa bakteria, na mchanganyiko ule haukufanya lolote. Sampuli ikaenda maabara, naye akaenda kuitazama. Kwenye sahani ya kuoteshea vimelea huwekwa vikaratasi vya mviringo vilivyoloweshwa dawa mbalimbali. Dawa inayoua huacha duara safi kuzunguka kikaratasi chake. Kwenye sahani ile bakteria walikuwa wameota hadi ukingoni mwa kikaratasi cha tetrasaiklini, na cha enrofloksasini vivyo hivyo. Aliniambia kilichomuumiza zaidi ni kurudi kwa yule mama akiwa hana dawa ya kumwandikia, huku akijua bachi ya kwanza ndiyo iliyofungua njia.

Muelewe alichokuwa anachanganya. Kolistini ni moja ya dawa za mwisho hospitalini, pale nyingine zote zimeshindwa. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kupata jeni ya usugu dhidi yake, mcr-1, inayohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Mwaka 2017 nchi hiyo ikazuia kuitumia kukuzia mifugo. Marekani iliiondoa enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu ya usugu wa kampilobakta, bakteria wanaowaharisha watu. Kwenye banda la mama yule dawa hizi zilipimwa kwa kijiko cha chai.

Kwa hiyo chanjo ipeni heshima: barafu njiani, maji yasiyo na klorini, maziwa ya unga gramu 2.5 kwa lita, inywewe yote ndani ya saa mbili. Chanjo ya kideri (Newcastle) kwa kuku wa kienyeji, tone jichoni kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ya kideri iitwayo I-2 inatengenezwa hapo hapo Kibaha.

3. Dozi ifuate uzito wa kuku na maji wanayokunywa kweli. Kuku mgonjwa hunywa kidogo, kwa hiyo anapata dozi pungufu, na dozi pungufu ndiyo inayowafundisha bakteria. Na jamani, maziwa ya unga ni ya chanjo! Ukiyatia kwenye tetrasaiklini, kalsiamu inaifunga dawa.

4. Kuhara damu, fikirieni koksidia, vimelea vya utumbo, kwanza. Wapeni amproliamu, dawa ya vimelea hivyo, kisha rekebisha drinka inayovuja na utoe maranda mabichi.

5. Layazi, kuku wa mayai, wakipewa dawa, soma siku za zuio kwenye kibandiko na umwambie mfugaji hasara ya mayai kabla hajafungua pakti. Mayai ya siku hizo hayauzwi, hayaliwi nyumbani, hayagawiwi kwa jirani. Mbolea nayo irundikwe ipate moto na kuoza kabla ya kuuzwa kwa wakulima wa mchicha, kwa sababu bakteria sugu wanasafiri nayo.

6. Sampuli ichukuliwe kabla ya dawa, kuku aliyekufa punde, kwenye kasha la barafu, asigandishwe. Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) Temeke au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro watawasaidia.

7. Hili la mwisho ni la pesa, na najua ndilo linalowabana. Mnaishi kwa faida ya pakti, kwa hiyo kuondoka bandani bila kuuza ni kulala njaa. Tozeni ada ya ziara na ya kupasua, na mwambieni mfugaji tangu kwenye simu. Wapo watakaokata simu. Mdogo wenu mmoja mwenye duka alianza hivyo na miezi ya mwanzo ilikuwa migumu. Sasa wateja wake wanafika na kuku aliyekufa ndani ya mfuko, wanamweka mezani, ndipo wanauliza dawa.