Programu inagoma inasema MSVCP140.dll haipo, je nipige Windows upya?

SWALI: Habari fundi. Natumia Windows 10 ya biti 64. Nimeinstoli programu ya kuediti video, setapu imeenda mpaka mwisho bila shida ila nikiifungua inaleta kiboksi kinasema "The code execution cannot proceed because MSVCP140.dll was not found. Reinstalling the program may fix this problem." Nimeifuta nikainstoli upya, wapi. Jamaa akaniambia nidaunlodi hiyo DLL niipesti kwenye System32, nikafanya hivyo, ule ujumbe ukapotea lakini sasa unakuja mwingine wa 0xc000007b. Nimepiga na sfc /scannow inaniambia hakuna tatizo lolote. Je nipige Windows upya?

JIBU: Usipige Windows mkuu. Na hiyo sfc haijakudanganya, kazi yake ni kukagua mafaili ya Windows yenyewe, na MSVCP140.dll sio faili la Windows hata kama linakaa kwenye folda za Windows. Ndo maana ungeweza kuipiga sfc mara mia na ingekujibu vilevile. Mafundi wengi tumezoea kumwambia kila mtu "piga sfc" kwa erori yoyote ile, kwa kesi kama yako ni kupoteza muda tu.

Iko hivi. Hiyo programu yako imeandikwa kwa C++ kwa kutumia Visual Studio ya Microsoft, na programu za namna hiyo kuna kazi nyingi za kawaida hazijiandikii zenyewe, zinaziomba kwenye mafaili ya pamoja (ndo hizo DLL) ambayo programu nyingine nazo zinayatumia. Mafaili hayo yanakuja kwenye kifurushi kinaitwa Microsoft Visual C++ Redistributable. Kwa kawaida setapu ya programu inatakiwa ikuwekee hicho kifurushi yenyewe kimyakimya, ila kuna waandishi wa programu wanasahau, au setapu inajaribu inashindwa na haikwambii, au umekopi folda ya programu kutoka kompyuta nyingine bila kupitia setapu kabisa. Ule ushauri wa "reinstalling the program" ndo maana haukusaidia, maana setapu ileile itarudia kosa lilelile.

Sasa hiyo 0xc000007b umeitengeneza mwenyewe pale ulipopesti (usijali, karibu kila mtu anapita njia hiyo). Windows ya biti 64 ina folda mbili za mafaili ya namna hii na majina yake yamekaa kinyume na akili ya mtu: System32 ndo ina mafaili ya biti 64, alafu SysWOW64 ndo ina ya biti 32. Jina la System32 liliachwa tu hivyo ili programu za zamani zisichanganyikiwe. Inavyoonekana DLL uliyoidaunlodi ni ya biti 32 na umeiweka System32, programu yako ya biti 64 inaikuta, inajaribu kuibeba, inakuta sio saizi yake inakufa. Kwahiyo kutoka "faili halipo" umehamia "faili lipo ila sio lenyewe", ambayo ni mbaya zaidi maana ujumbe haukutajii tena jina la faili.

Cha kufanya kwako ni hiki. Kwanza futa ile DLL uliyoipesti, hiyo tu, usiguse nyingine, na kama uliiweka pia ndani ya folda ya programu basi itoe na huko, kwa sababu Windows inatafuta DLL kwenye folda ya programu kwanza kabla ya kwenda System32, ukiiacha hapo itaendelea kuchukuliwa hata baada ya kurekebisha kila kitu. Pia usiruke hatua hii ukisema setapu itaifunika, setapu ikikuta faili lenye namba ya toleo kubwa kuliko lake inaweza kuliacha kama lilivyo. Alafu nenda kwenye tovuti ya Microsoft, tafuta Visual C++ Redistributable mpya kabisa (ya 2015 na kuendelea), daunlodi vc_redist.x64.exe (ya biti 64) na vc_redist.x86.exe (ya biti 32). Zote mbili! Watu wanaona kompyuta yao ni biti 64 wanaweka x64 peke yake, alafu kesho wanakuja na programu ya biti 32 inalia erori ileile wanashangaa. Kinachoamua ni biti za programu, sio za Windows. Ni mafaili madogo, na yanafanya kazi bila intaneti, kwahiyo unaweza kuyadaunlodi kwingine ukaja nayo kwenye flashi. Ukiifungua ikakwambia ipo tayari, chagua Repair, au ikigoma kwa erori ya 0x80070666 maana yake kuna toleo jipya zaidi limeshawekwa, hapo nenda Control Panel kwenye Programs and Features, itafute kwenye orodha, bonyeza Change, alafu Repair. Ukimaliza ristati kompyuta ndo ufungue programu yako.

Kwa kesi yako naamini utakuwa umemaliza hapo. Ila kwa vile watu wengi wananiuliza hii kitu kila mmoja na jina lake la faili, ngoja niende mbele kidogo, maana ukijua kulisoma jina nusu ya kazi imeisha.

Majina yanayoanza na MSVCP, MSVCR au VCRUNTIME yote ni ya ukoo huo wa Visual C++, na namba ya mwisho inakwambia ni ya mwaka gani. 100 ni ya 2010, 110 ni ya 2012, 120 ni ya 2013, na 140 ni kuanzia 2015 na kuendelea (130 haipo, Microsoft waliiruka). Cha kuzingatia ni kwamba mpya haichukui nafasi ya ya zamani, ukiambiwa MSVCR100.dll haipo hata ukiweka ile ya 2022 haitasaidia kitu, weka ya 2010. Kuanzia 2015 ndo wakaunganisha wakawa wanatumia namba moja. VCRUNTIME140_1.dll nayo inachanganya watu, anakwambia "fundi mbona ninayo Visual C++ ya 2015 na bado inaitaka?" Hilo faili lilikuja na toleo la 2019, tena ni la biti 64 tu, kwahiyo dawa ni kuweka x64 ya toleo jipya juu yake. Za 2005 na 2008 zenyewe mara nyingi hazisemi hata faili gani halipo, zinaleta maneno "side-by-side configuration is incorrect", ukiona hivyo jua unatakiwa uweke hizo za zamani.

Ukiona herufi D mwishoni kabla ya nukta, kama MSVCP140D.dll au ucrtbased.dll, usihangaike kabisa. Hiyo D ni ya toleo la majaribio ambalo mwandishi wa programu anatumia wakati anatafuta makosa kwenye kodi yake, na halitakiwi hata kugawiwa kwa watu. Amekosea yeye kukupa programu ambayo hajaiandaa kwa watumiaji, mwambie akupe ya Release, yaani ile iliyoandaliwa kwa watumiaji.

Alafu kuna hizi ndefu zinaanza na api-ms-win. Ikiwa ni api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll kwenye Windows 7 au 8.1, kinachokosekana ni Universal C Runtime, inakuja kwenye apdeti namba KB2999226, na kwa Windows 7 lazima uwe na Service Pack 1 kwanza la sivyo apdeti itakataa. Lakini ikiwa ni api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll kwenye Windows 7, hapo programu yenyewe haiitaki Windows 7 tena, inatafuta kitu kilichoanza kwenye Windows 8. Utaiona sana kwa watu wanaojaribu kuweka Python 3.9 au zaidi kwenye Windows 7. Hakuna DLL ya kudaunlodi itakayotatua hilo kihalali, tafuta toleo la zamani la hiyo programu au panda kwenye Windows mpya zaidi.

Wa magemu mtanijia na d3dx9_43.dll, XINPUT1_3.dll na wenzake. Hizo ni DirectX ya zamani. Mtu anabisha "mimi nina DirectX 12 nimeangalia kwa dxdiag", sawa unayo, ila DirectX 12 haiji na hivyo vipande vya enzi ya DirectX 9, vinawekwa peke yake. Tafuta kwa Microsoft DirectX End-User Runtimes ya Juni 2010. Na hapa kuna mtego, lile faili kubwa la directx_Jun2010_redist.exe ukilifungua linakuuliza folda ya kumwaga mafaili, ukishachagua linamaliza na watu wanadhani wameshainstoli. Bado! Ingia kwenye hiyo folda utafute DXSETUP.exe ndo uifungue.

Mfplat.dll ikikosekana angalia kama Windows yako ina herufi N kwenye jina, zile toleo za N zinakuja bila vitu vya video na muziki, nenda kwenye Optional features uongeze Media Feature Pack. Na programu ikidai .NET Framework 3.5, usidaunlodi kokote, fungua "Turn Windows features on or off" uitiki. Ikigoma kwa 0x800F081F na unayo flashi au DVD ya Windows toleo hilohilo, ichomeke ufungue Command Prompt kama administrator uandike:

DISM /Online /Enable-Feature /FeatureName:NetFx3 /All /LimitAccess /Source:D:\sources\sxs

D badilisha kulingana na herufi ya flashi yako.

Kuna kundi jingine ambalo jina la faili haliko kwenye ukoo wowote kati ya hizo, ni faili la programu yenyewe. Mfano steam_api64.dll, hiyo haijawahi kuwa ya Windows, ni ya gemu. Hapo kwanza angalia antivairasi, kwenye Windows Security nenda Protection history uone kama imelikamata. Na mara nyingi ukikuta limekamatwa ni kwa sababu programu ni ya kreki, na hapo sitakwambia ulirudishe, maana wewe huna namna ya kujua ni antivairasi imekosea au faili kweli lina mdudu. Kama programu ni halali umeitoa kwa wenyewe, basi daunlodi setapu upya, huenda ilikatika njiani wakati wa kudaunlodi.

Sasa zile tovuti za kudaunlodi DLL moja moja. Sizikatazi kwa sababu ya vairasi tu, ingawa hilo lipo, DLL ni kodi inayoendeshwa kama programu nyingine yoyote, unachukua kwa mtu usiyemjua unaipa nafasi ndani ya System32. Shida nyingine ni kwamba hata ikiwa safi inakuwa haijulikani ni toleo gani, haitapata apdeti, na kawaida faili moja linawaita wenzake, ukileta MSVCP140 itadai VCRUNTIME140, ukileta hiyo inadai nyingine, unashinda siku nzima unaokota moja moja vitu ambavyo vipo pamoja kwenye kifurushi kimoja cha bure. Na wale wanaowaambia mkamilishe kwa regsvr32, kwa hizi za Visual C++ haifanyi kitu, itakujibu DllRegisterServer haikupatikana kwa sababu sio DLL za kusajiliwa. DLL ya Visual C++ uliyonayo wasiwasi ibonyeze kulia, Properties, Digital Signatures, kama kweli ni ya Microsoft saini itakuwepo na jina lao.

Sfc ina siku yake lakini. Kama linalokosekana ni la Windows kweli, mfano ucrtbase.dll kwenye Windows 10, au kama programu nyingi zimeanza kugoma kwa pamoja bila wewe kuinstoli chochote, hapo anza na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth ukiwa na intaneti, ikimaliza ndo upige sfc /scannow. Mpangilio huo una maana, sfc inachukua mafaili mazima kutoka kwenye stoo ya Windows, na DISM ndo inayoitengeneza hiyo stoo. Ukianza na sfc wakati stoo yenyewe imeoza itakwambia imekuta makosa imeshindwa kuyarekebisha. Na tatizo likirudi tena baada ya siku chache, chunguza diski kwanza, huenda inakufa, kopi vitu vyako mapema.

Kwako wewe kama 0xc000007b itagoma kuondoka baada ya yote, daunlodi Process Monitor ya Microsoft, iwashe, weka filta ya jina la programu yako, fungua programu mpaka ianguke, alafu angalia DLL za mwisho kuguswa na zimechukuliwa folda gani. Ukiona moja inatoka kwenye folda ya ajabu, labda ya programu nyingine iliyojiweka kwenye PATH (orodha ya folda ambazo Windows inatafutia mafaili), ndo huyo.

Na kabla hujaniuliza: ukifungua Programs and Features utakuta Visual C++ nyingi, za 2008, 2010, 2013 na nyingine, kila moja x86 na x64. Ziache zote, hazigongani. Kuna watu wanazifuta kupunguza nafasi, alafu wiki inayofuata ndo hao wanatuma picha za kiboksi cha MSVCR100.dll.