Ndugu Yako Akikamatwa na Serikali ya Shirikisho Marekani

Mama mmoja wa Tanga ameniandikia wiki hii. Mwanawe amekamatwa Marekani kwa kesi ya unga, na mtu aliyejitambulisha kwa simu kuwa ofisa wa U.S. Marshals (polisi wa mahakama za shirikisho) anadai dhamana ilipwe kabla ya jioni kwa kadi za zawadi. Mama, usitume hata senti. Huyo ni tapeli. Marshals hawaombi pesa kwa simu, na dhamana huamuliwa na hakimu mahakamani.

Kwanza mjue alipo. Aliyekamatwa na DEA (kikosi cha shirikisho cha kupambana na dawa za kulevya) au FBI husubiri kesi chini ya ulinzi wa Marshals, na mara nyingi huwekwa katika jela ya kaunti iliyokodiwa. Ndiyo maana mnamtafuta kwenye orodha ya magereza ya shirikisho na hamumwoni. Ombeni namba yake: tarakimu tano, kistari, kisha tatu. Zile tatu za mwisho huonyesha wilaya ya mahakama. 054, kwa mfano, ni Kusini mwa New York. Jina nalo litafuteni kama lilivyo kwenye pasipoti, mkianza na la babu, kwa kuwa wao ndilo wanalolichukua kuwa la ukoo.

Asiye na uwezo hupewa wakili anayelipwa na serikali, na kama Kiingereza chake ni cha kubabaisha, aombe mkalimani siku hiyohiyo ya kwanza. Mwendesha mashtaka anaweza kuomba hadi siku tatu, wikendi haihesabiwi, kabla ya kusikilizwa suala la dhamana. Siku hizo ni za dhahabu. Katika kesi za dawa za kulevya zenye adhabu ya juu ya miaka 10 au zaidi, sheria inaanza na dhana kwamba mtu abaki rumande, na ni juu yake kuleta sababu za kumtoa. Mpeni wakili mkataba wa nyumba, hati za mshahara, pasipoti ya kusalimisha, na jina la ndugu aliye tayari kutia saini na kuishi naye. Kinachoharibu ni maneno kutofautiana. Mshtakiwa akisema anaishi Minneapolis na shangazi akasema Columbus, ofisa anayeandaa ripoti ya hakimu ataandika kwamba anwani haijathibitishwa.

Halafu kuna simu za jela. Zinarekodiwa, na tangazo husomwa mwanzoni mwa simu. Watu wetu wanajidanganya kwamba Kiswahili ni kufuli. Mkalimani ataketi na vifaa vya kusikilizia masikioni, akiandika kila "mzigo" na kila "ile kitu", pamoja na dakika lilipotamkwa. Ukimwambia mdogo wako afute meseji au avunje laini, umejitafutia kesi yako mwenyewe, na adhabu yake inaweza kufika miaka 20. Zungumzeni afya na watoto. Ya kesi ni ya wakili tu.

Kuhusu uzito, familia nyingi hupigia hesabu dawa halisi peke yake. Sheria hupima mchanganyiko wote. Gramu 40 za unga wenye fentanili (dawa kali ya jamii ya heroini) ndani yake, hata kidogo, zinaanzia kifungo cha miaka 5. Gramu 400, miaka 10. Kwa heroini, ni gramu 100 kwa miaka 5 na kilo 1 kwa miaka 10. Na njama tu inatosha. Ndugu wa Akasha wa Mombasa walinaswa mwaka 2014 na watoa habari wa DEA waliojifanya wafanyabiashara wa Kolombia, wakarekodiwa, wakakabidhi kilo 99 za heroini, zote nje ya Marekani. Walisafirishwa New York Januari 2017, wakakiri, na mmoja wao, Baktash, akapata miaka 25. Miraa nayo si salama: ikiwa mbichi ina kathinoni, ambayo Marekani imeiweka kundi moja na heroini. Msimpe mgeni abebe.

Kama ndugu bado anatafutwa na maofisa wamebisha kwako, someni karatasi kabla ya kufungua. Hati ya kumkamata yeye inawaruhusu kuingia nyumbani kwake wakiwa na sababu ya kuamini yumo. Nyumbani kwako wewe, kwa kawaida, wanahitaji hati ya upekuzi yenye anwani yako na saini ya hakimu. Kama hawana, sema kwa adabu kwamba huruhusu, wala usizuie kwa mwili. Kukaa kimya si kosa. Kudanganya kwamba hujamwona ni hadi miaka 5, na kumficha mtoro wa kosa kubwa pia ni hadi miaka 5. Nimechoka kusikia "ni damu yangu, ningemfukuza vipi". Mtafutie wakili, usimtafutie chumba.

Kujisalimisha kupangwe na wakili pamoja na mwendesha mashtaka, asubuhi ya Jumatatu au Jumanne, ili afikishwe kwa hakimu siku ileile. Anayekwenda Ijumaa alasiri analala ndani hadi Jumatatu. Saa, pete na simu vibaki nyumbani. Kama ana presha au sukari, wakili awe na orodha ya dawa zake na vipimo vyake, maana vidonge vyenyewe kwa kawaida havipiti mlangoni.