Kabla hujaitupa Nagona chini ya kitanda

Mitihani ikikaribia huwa napata ujumbe uleule kutoka kwa wadogo zangu wanaosoma Kiswahili chuoni: "Kaka, shikamoo. Hivi Nagona inahusu nini?" Wanamaanisha ile riwaya ya Mtanzania Euphrase Kezilahabi. Wengine hawazunguki, wanaomba muhtasari moja kwa moja. Muhtasari sina. Nina kisa tu, na aibu kidogo.

Nilikuwa mwaka wa pili. Madukani kitabu hakipatikani, maktaba ina nakala moja inayogombewa na darasa zima, kwa hiyo tukafanya kama kawaida yetu: mmoja kaazima, kapeleka steshenari, tukatoa kopi. Najua ni wizi, na nimeshakinunua baadaye. Kitabu chenyewe chembamba, hakifiki kurasa 70. Nikajiambia hii kazi ya jioni moja, kesho nafua.

Ilinichukua siku nne. Kuna msimulizi asiyetajwa jina. Kuna mji ulio kimya. Mara wanatokea wakubwa wa fikra za dunia, Plato, Darwin, Marx, Nietzsche, Freud, bila hata mtu kubisha hodi. Pembeni ya ukurasa nikaandika kwa penseli, "Huyu nani?" Ukurasa uliofuata, "Hapa wapi?" Kufika katikati nilishaacha maneno, naweka viulizo vitupu. Nilikasirika kweli, tena hasira ya kuonewa: Kiswahili ni changu, maneno yote nayajua, sentensi ni fupi fupi, halafu sielewi!

Semina ikafika. Mwenzangu akasema jambo akianza na "pale mwanzoni", na mimi kwangu hilo lilikuwa katikati. Tukabishana. Tukaweka kopi zetu mezani sambamba, tukaanza kufunua karatasi moja moja. Kumbe fungu zima la kurasa limebanwa pasipo pake, na mashine ilikuwa imekata namba za chini, kwa hiyo hakuna cha kunishtua. Nilisoma riwaya iliyovurugwa mpangilio, nikaimaliza, na wala sikuhisi kitu. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka. Aliniuliza, "Ulipoisoma hivyo, ulipoteza nini?" Nikasema sijui. "Basi nenda kaandike hicho."

Nilidhani ananikomoa. Lakini nilipokaa kuandika ndipo nilipoona tatizo langu lilikoanzia, na halikuwa steshenari. Kidato cha tano na cha sita tulifundishwa kukifungua kitabu kama fundi anavyoshusha injini: dhamira huku, migogoro huku, falsafa, msimamo, kisha muundo, mtindo, wahusika, mandhari. Sikipondi chombo hicho, kimenipatia alama. Chukua Rosa Mistika ya mwaka 1971, ya Kezilahabi huyuhuyu: binti wa Ukerewe, baba mkali kupita kiasi, binti anapotoka nyumbani kwenda shule anakuta uhuru asiojua kuutumia. Sababu inazaa tokeo, tokeo linazaa jingine, hadi mwisho mbaya. Kila kisanduku cha uchambuzi kinajaa. Sasa nenda na visanduku hivyohivyo kwenye Nagona. Kwenye muundo niliandika "rejea", yaani kisa kinachorudi nyuma, kwa sababu nilijua walimu wanalipenda neno hilo. Ulikuwa uongo. Hakukuwa na pa kurejea.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndio huo: usomaji wa mara ya kwanza, weka visanduku kando. Andika pembeni unachokiona na unachokihisi, hata kama ni "hapa nimechoka". Zile alama zangu za kuuliza ndizo zilizonipa insha. Nilipozihesabu niligundua hazikutawanyika ovyo. Zilirundikana kila mahali nilipotaka kujua kwa nini mtu yuko alipo, na hazikuwepo kabisa mahali ambapo kitu kinaonekana tu: giza, njia, ukimya. Yaani jicho langu lilikuwa linasoma vizuri, kilichokuwa kinagoma ni yule askari wa ndani anayedai vielelezo.

Jambo la pili nililijifunza kwa bahati. Chumba nilikuwa naishi na jamaa wa uhandisi, mtu ambaye riwaya ya mwisho kuishika ilikuwa ya lazima. Jioni moja alikuwa anapiga pasi shati, nikaanza kumsomea kwa sauti ili tu nimwonyeshe mateso yetu. Akasema, "Mbona kama ndoto ya mwenye malaria?" Nikacheka, nikafunga kopi. Akainua pasi: "Halafu?" Nikasoma tena. Kila nikinyamaza, "Halafu?" Hakuuliza hata mara moja ina maana gani. Alisikiliza kama watu wanavyosikiliza hadithi za mazimwi, ambamo mtu anaingia mji usio na watu na hakuna msikilizaji anayesimamisha ngano kudai maelezo. Kwa sauti, zile sentensi fupi zilizoniudhi zikawa na mwendo wake. Kwa hiyo tafuta mtu asiye na mtihani, umsomee.

Kuhusu ishara, taratibu. Semina yetu nzima iliugua ugonjwa huo: giza ni ukoloni mamboleo, njia ni ujamaa, ukimya ni woga wa wananchi, na angetokea kuku naye angekuwa Benki ya Dunia. Ukiona kila kitu kimegeuka ishara ya kitu kingine, ujue umeacha kusoma, unabahatisha.

Kilichonipoza hasira moja kwa moja ni kumjua mwandishi. Mwaka 1979 Euphrase Kezilahabi alitoa Gamba la Nyoka, riwaya ya vijiji vya ujamaa, unaisoma bila kupotea. Kisha riwaya zikakatika hadi Nagona mwaka 1990, na Mzingile mwaka 1991. Katikati hapo alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, akapata udaktari mwaka 1985 kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Soma hayo maneno ya mwisho tena. Mtu aliyekesha miaka akiuliza tunafasirije, ndiye anayekupa kitabu kisichokubali kufasiriwa upesi. Na haikuwa mara yake ya kwanza kuvunja vyombo: kwenye diwani yake ya mashairi, Kichomi, mwaka 1974, aliacha vina na mizani, na wazee wa ushairi hawakukaa kimya. Ningeyajua haya siku ya kwanza, ningekasirika kwa adabu.

Neno "usasaleo" (postmodernism, jina wanalopewa maandishi yanayovunja kanuni za usimulizi wa kawaida) litumie, ila usijifiche nyuma yake. Kulitaja kwenye mtihani hakuelezi kitu kama huonyeshi ukurasa unafanya nini. Hata wataalamu walijikuna kichwa: Mikhail Gromov aliandika makala mwaka 1998 akiuliza tangu kwenye kichwa kama Nagona na Mzingile ni riwaya, ngano au fumbo. Mimi nilijiona mjinga kwa swali ambalo mtaalamu alilitolea makala.

Na si lazima ukipende chote. Mimi hadi leo wale wanafalsafa naona wanakaa kitabuni kama wageni rasmi, wamealikwa kwa heshima lakini wanakula nafasi. Nililiandika hilo, nikalitetea kwa mifano, mwalimu akaweka tiki. Pale nilipoandika "muundo wa rejea" akazungushia wino mwekundu.

Jamaa wa uhandisi sikummalizia, mitihani ilitukuta katikati. Mwaka jana kanipigia kwa mambo ya harusi ya rafiki yetu, tulipokuwa tunaagana akauliza, "Na yule bwana wa mji kimya, halafu?" Nikamwambia hata mimi niliyemaliza, tena kwa mpangilio sahihi, bado namfuata.