Ile 15 usiipeleke kwenye wima

Juzi msomaji mmoja kanitumia meseji kuhusu projektaili, yaani vitu vinavyorushwa hewani, "kaka hizi projektaili za mlalo zinanitesa, kila nikikokotoa jibu sio lenyewe." Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana meseji hiyo ningeweza kuiandika mimi.

Swali lililonimaliza nalikumbuka mpaka leo. Jiwe limerushwa kwa mlalo kwa kasi ya 15 m/s kutoka juu ya jengo la mita 20, litaangukia umbali gani kutoka kwenye jengo, g, yaani mchapuko wa graviti, chukua 10. Mimi nikaona 15, nikaona 20, nikazitupia zote kwenye s = ut + ½gt² (s umbali, u kasi ya kuanzia, t muda) bila kujiuliza mara mbili. Ikaja 20 = 15t + 5t², nikatafuta t, ikatoka 1. Sekunde moja kamili! Zidisha kwa 15, mita 15, nikalipigia jibu mistari miwili, nikakunja mikono nawaangalia wenzangu wanavyohangaika. Jibu safi hivyo unaanzaje kulitilia shaka?

Nikala sifuri. Mwalimu akaisoma karatasi yangu mbele ya darasa zima, eti "jiwe la huyu limerushwa chini." Watu wakacheka mpaka basi. Bado inauma jamani, tena inauma zaidi kwa sababu alikuwa sahihi, ila si angeniita tu pembeni?

Maana ile 15 ni ya mlalo. Wima jiwe linaanza na sifuri, kama vile umeliachia tu mkononi, na Galileo alishayaandika haya tangu 1638, yaani mimi ndo nilichelewa. Kwahiyo 20 = 5t², t ni sekunde 2, mlalo 15 mara 2, mita 30. Mimi nilipata nusu yake!

Miezi iliyofuata siisimulii, ni maswali juu ya maswali. Nilichobadilisha ni kimoja, nachora mstari katikati ya karatasi, kushoto mlalo, kulia wima, na kinachoruhusiwa kuvuka mpaka ni t peke yake. Kwenye mtihani wa mwisho likaja la kasi ya jiwe lile lile wakati wa kugonga ardhi, mlalo bado 15, wima 10 mara sekunde 2, yaani 20 m/s, wenzangu kibao wakajumlisha 15 na 20 wakaandika 35, mimi nikaenda na Pythagoras, kipeuo cha 15² + 20², 25 m/s, nyuzi 53 chini ya mlalo, nikatoka wa kwanza chumbani. Najisifu? Ndio, nimeisotea.

Sasa nyie mnaokariri fomula kama kasuku, acheni. Kabla hujagusa kalkuleta tenganisha mlalo na wima. Nasema tena, tenganisha. Graviti haina habari na mlalo, na hiyo kasi ya mlalo haibadiliki kama upepo na hewa tumeviacha pembeni.

Yule wa meseji nikamwambia apige picha alichofanya anitumie. Kasi kwenye swali lake ilikuwa 8. Mstari wake wa kwanza, upande wa wima: u = 8.