Bosi ataka tupimwe kwa mashine ya uongo: nikikataa je?

SWALI: Salaam mhariri. Nafanya kazi ghalani Columbus, Ohio, zamu ya usiku. Hesabu ya mwezi uliopita ilionyesha simu kadhaa hazipo. Ijumaa jioni meneja alituita watu wanane akasema Jumatatu asubuhi tutapimwa sote kwa mashine ya kugundua uongo, mpimaji ni mmoja. Tusaini fomu kwamba tumekubali kwa hiari. Asiyetaka ajihesabu hana kazi. Nifanyeje?
Msomaji, Columbus

JIBU: Ndugu msomaji, usisaini. Hata kama umeshasaini, haki yako ipo palepale, kwa sababu sheria hairuhusu mfanyakazi aitoe haki hii kwa fomu ya mwajiri.

Sheria yenyewe ni ya shirikisho, ya mwaka 1988, na inawabana karibu waajiri wote binafsi. Mwajiri hatakiwi hata kukupendekezea kipimo, isipokuwa anachunguza tukio mahususi lililomtia hasara, kama wizi. Stoo kupungukiwa tu, hata kwa kiasi kikubwa, si tukio mahususi. Lazima akupe maandishi yanayoeleza kilichopotea, kwamba ulikuwa na nafasi ya kukifikia, na kwa nini anakushuku wewe. Kuwa na ufunguo wa chumba cha simu peke yake hakutoshi. Nyinyi wanane mmekusanywa kwa mkupuo mmoja. Muulize meneja, kwa upole lakini kwa maandishi, sababu ya kukushuku wewe binafsi ni ipi.

Maandishi hayo yakufikie angalau saa 48 kabla ya kipimo, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Kwa hiyo taarifa ya Ijumaa jioni kwa kipimo cha Jumatatu asubuhi haifai. Tena mpimaji mmoja haruhusiwi kupima zaidi ya watu watano kwa siku, na kila kipimo kisipungue dakika 90.

Ukiamua kupimwa, utafungwa mirija kifuani na tumboni, mkanda wa presha mkononi, na vishikizo vidoleni vya kupima jasho. Mashine inasoma pumzi, mapigo na jasho. Uongo wenyewe haiuoni, na mtu mkweli mwenye hofu anaweza kuonekana mwongo. Una haki ya kusoma maswali yote kabla, kuzungumza na wakili, na kusimamisha kipimo wakati wowote. Dini, siasa, mambo ya chumbani na chama cha wafanyakazi havihojiwi.

Hatari kubwa iko kwenye mazungumzo ya kabla ya mashine kuwashwa. Mpimaji huongea kirafiki, nawe unajikuta unasema "labda niliwahi kuchukua chaja." Kauli hiyo inahesabika kama ushahidi. Majibu ya mashine peke yake hayatoshi kukufukuza, lakini yakiungana na kauli yako yanatosha. Vilevile kukataa kupimwa si kosa la kukufukuzisha, ingawa hakuzuii mwajiri kutumia ushahidi mwingine alionao.

Andika leo hii tarehe, saa, na maneno ya meneja kama alivyoyatamka. Piga picha ya fomu. Halafu ipigie Wizara ya Kazi ya Marekani, kitengo cha mishahara na saa za kazi: 1-866-487-9243. Ukifukuzwa, una miaka 3 ya kufungua kesi, na mahakama inaweza kuamuru urudishwe kazini na ulipwe mishahara uliyokosa.

SWALI: Nimeomba kazi ya kutunza wazee Houston. Wakala anataka nijibu maswali kwa simu huku kompyuta ikipima sauti yangu kama nasema kweli. Inaruhusiwa?
Msomaji, Texas

JIBU: Hairuhusiwi. Anayeomba kazi analindwa sawa na aliyeajiriwa. Wanaoweza kumpima mwombaji ni baadhi ya kampuni za ulinzi na za dawa zinazodhibitiwa, nao ni kwa poligrafu tu, yaani ile mashine ya mirija, mkanda na vishikizo. Kipimo cha sauti hakimo kwenye ruhusa hiyo. Muombe wakala akuandikie barua pepe ya anachotaka. Mara nyingi akisikia hivyo huacha, na asipoacha, barua hiyo ndiyo ya kuwapelekea Wizara.