Geji ya mtungi wa peintiboli inasoma sifuri: je, nifungue regyuleta?

SWALI: Fundi, salaam. Naendesha uwanja mdogo wa peintiboli, mchezo wa kupigana kwa risasi za rangi, hapa Kigamboni. Mtungi wangu mmoja wa upepo, wa aluminiamu, umeandikwa 3000 psi (kipimo cha shinikizo). Regyuleta yake, yaani vali ya juu inayopunguza shinikizo, inavuja kwenye kitundu cha pembeni na geji inasoma sifuri. Nimeshaagiza regyuleta nyingine, imeandikwa 4500, na hesi zake ni zilezile. Naweza kuibadilisha mwenyewe kwa spana ya mabomba?

JIBU: Salaam, kaka. Hiyo spana irudishe kwenye boksi kwanza. Kubadilisha regyuleta ni kazi ya dakika kumi, na mtu mwenye mikono mitulivu anaiweza. Kinachonitia hofu katika barua yako ni ile sifuri.

Geji ndogo za mitungi hii hukwama. Mtungi ukianguka mara moja kwenye sementi, mshale unaweza kulala kwenye sifuri usiamke tena, huku ndani upepo umejaa. Wengi husema, “nimebonyeza pini ya juu, haikutoa kitu.” Hilo nalo halitoshi. Pini ile hufungua chumba cha upepo uliokwisha kupunguzwa, si mtungi wenyewe. Pistoni ya ndani ikiwa imegandia imefunga, utabonyeza mpaka kidole kiume, na nyuma yake upepo umetulia tu.

Sasa piga hesabu. Tundu la shingo lina kipenyo cha karibu milimita 16. Kwa 3000 psi, regyuleta inasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 400, na kinachoizuia ni zile hesi tu. Mwaka 2004 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watu wawili kufa, vali zilipofunguka kutoka kwenye mitungi ya peintiboli ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Mtu hudhani anatoa mtungi kwenye bunduki. Kumbe kinachozunguka ni vali kutoka kwenye mtungi.

Kwa hiyo fanya hivi. Funga mtungi kwenye bunduki, bila risasi, piga mpaka inyamaze. Utoe, bonyeza pini kwa kijiti cha mti, uso wako ukiwa pembeni. Kisha nenda jikoni uchukue mizani. Upepo una uzito: mtungi wa lita 0.8 ukijaa hadi 3000 psi hubeba karibu gramu 200 za upepo. Kama unao mwenzake wa aina ileile ambao una hakika ni mtupu, linganisha. Huu ukizidi hata kwa gramu 50, usiuguse, upeleke kwa wanaohudumia mitungi ya wapiga mbizi. Ila mizani ikilingana usidhani umepewa ruhusa ya kulegea. Upepo mdogo uliobaki mizani haiuoni, na bado unaweza kurusha kipande cha shaba. Katika karakana niliyojifunzia niliona regyuleta ya mtungi “mtupu” ikitoboa bati la paa. Tulikaa na lile tundu masika nzima.

Unapofungua, mtungi ushikwe kwa vibanio vya mbao vyenye mpira, na regyuleta kwa spana ya mkanda. Meno ya spana ya mabomba huacha mikwaruzo, na mkwaruzo kwenye aluminiamu ndiko ufa unakoanzia. Mdomo wa mtungi uelekee ukutani, pasiwe na mtu mbele wala nyuma. Zungusha robo, usimame, usikilize. Ikipiga mluzi, au ikiendelea kuwa ngumu baada ya mzunguko wa kwanza, ikaze irudi na uishie hapo. Mtungi mtupu ukishalegea hufunguka kwa vidole. Na ikigoma kabisa kwa sababu ya gundi ya hesi, usiipashe moto. Aluminiamu iliyopigwa moto hupoteza ugumu wake, na mtungi huo haufai kujazwa tena.

Regyuleta ya 4500, hapana. Hesi kuingiana hakumaanishi vitu vinafaana. Upande wa shinikizo kubwa kuna diski ya usalama inayopasuka mtungi ukijazwa kupita kiasi. Ya regyuleta za 3000 hupasuka kwenye 5000 psi, ya 4500 kwenye 7500. Mtungi wako ulipimwa kiwandani kwa 5000. Ukiuvisha diski ya 7500, mtungi unaweza kupasuka kabla ya diski.

Soma pia mhuri begani mwa mtungi, mwezi na mwaka. Mitungi ya aluminiamu yenye mhuri wa DOT (idara ya uchukuzi ya Marekani) hupimwa kwa maji kila miaka 5. Kama imepita, pima kwanza ndipo ununue kifaa.

Regyuleta sahihi ikifika, weka oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) mpya, ipake grisi ya silikoni kidogo sana. Mafuta ya injini au ya kupikia yasikaribie kabisa, maana upepo unaoingia kwa kasi huzalisha joto la kuyawasha. Kaza kwa mkono mpaka chuma ikutane na chuma, malizia na mkanda kwa kipimo cha mtengenezaji. Jaza taratibu hadi 500 psi, zamisha kwenye ndoo ya maji, tazama mapovu kwa dakika tano. Kukiwa shwari, panda hadi 1500, kisha 3000.

Mwisho, omba rangi ya kucha nyumbani, chora mstari mmoja kutoka kwenye regyuleta hadi kwenye mtungi. Kila asubuhi kabla hujawapa wachezaji, tazama mstari huo. Ukikuta umeachana, mtungi haupandi kwenye bunduki siku hiyo.